Flashi ina GB 5, yeye anasema TUPU, halafu anaformati!!

Yule jamaa wa steshenari karibu na stendi, Mtwara mjini. Mnamjua. Feni moja, kompyuta mbili, flashi za mkoa mzima zimepita pale, hizo mashine zilitakiwa ziwe na kadi ya kliniki.

Leo kapewa flashi yenye orodha ya salfa (dawa ya mikorosho) ya wakulima. Kuichomeka tu, foda zote zimekuwa shotikati (njia za mkato) za KB 1. Katazama, kasema "tupu hii". TUPU! Bofya kulia, Properties: GB 5.1 zimetumika kati ya 7.4. Hizo GB 5 ni upepo wa bahari? Kabonyeza Format huku anatafuna korosho. Na elfu tatu kadai, "ya kusafisha virusi".

Mdudu huyu hafuti kitu jamani! Anaficha faili kwa alama za mfumo, anaweka shotikati yenye jina lilelile ili ukibofya umwamshe. Fungua cmd (dirisha la amri la Windows), andika (F ni herufi ya flashi):

attrib -h -r -s /s /d F:\*.*

Mstari MMOJA. Yeye kaformati. Anatafuna!

Fundi_Ligula: Mashine yenyewe ikiwa inaumwa huo mstari hautoshi mkuu. Kwanza Ctrl+Shift+Esc, ua wscript.exe (ndiyo inayomwendesha mdudu). Kisha futa ile .vbs (faili ya mdudu) kwenye foda za %appdata% na Startup, kagua na Run (orodha ya vinavyojiwasha) kwenye rejista ya Windows. Ukiruka hapo, shotikati zinarudi kabla hujachomoa flashi.

Kusini_Damu: Kuna na foda isiyo na jina. Aina nyingine ya mdudu huhamishia vitu vyote humo. Attrib ikiitoa mafichoni, hamisha vitu vyako, ndipo ufute shotikati: del F:\*.lnk

KoroshoGhafi: 😂😂 Orodha ya wakulima wote kwenye flashi moja, nakala hakuna, anayelaumiwa mtafuna korosho.

Mleta uzi: GB 5 ZINAONEKANA, KAFORMATI!!!

Fundi_Ligula: Tulia. Usiandike chochote kwenye hiyo flashi. Formati ya haraka hufuta jedwali la faili tu, data bado ipo. Endesha PhotoRec (programu ya kufufua faili), matokeo yahifadhi kwenye diski ya kompyuta. Majina ya faili hayarudi, utafungua moja moja mpaka uikute salfa yako.

BintiShangani: Si mtengeneze foda inaitwa autorun.inf, mdudu hapiti.

Kusini_Damu: Dada, hiyo dawa ya enzi za Windows XP. Microsoft walizima autorun (kujiendesha ikichomekwa) ya flashi hata kwa XP na Vista Februari 2011. Siku hizi mdudu anangoja kidole chako. Zima Windows Script Host, kiendesha .vbs, kwenye rejista: HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows Script Host\Settings, weka DWORD iitwayo Enabled, thamani 0. Na faili za kuchapisha zipeleke kwa kadi ya SD, ile swichi ya pembeni isogeze kwenye Lock, isiandikwe.

Mchinga2: Nyie mnalilia flashi. Huku Lindi kuna wa fotokopi, nusu ya ukurasa nyeusi tii, bei ileile.

KoroshoGhafi: Umeme ukikatika katikati je? Unalipia na karatasi iliyokwama.

BintiShangani: Huyo wa Lindi si ndiye hana chenji mwaka mzima, anakupa peremende?

Mchinga2: Ndiye! Na zenyewe zimeyeyuka.