Tangu nihamie mjini ngozi inawasha balaa, inawezekana ni bakteria? Naombeni ushauri

Habari wakuu. Nimekulia kijijini, udongo na mifugo kila siku, ngozi haikuwahi kunisumbua. Huku mjini sasa viwiko na nyuma ya magoti panawasha usiku kucha, nikijikuna panalowa, naoga na sabuni ya kuua vijidudu asubuhi na jioni maana vumbi na moshi wa magari umezidi ila naona ndo kwanza inaongezeka. Kuna mtu kaniambia mji unabadilisha hadi bakteria wa ngozini. Ni kweli? Nifanyeje? Sina raha kabisa.

mama_wawili: Pole sana mkuu. Hiyo sabuni acha kwanza. Ngozi yenye afya ina asidi kidogo, pH kama 5 hivi, na sabuni nyingi za kipande ziko 9 mpaka 10, kwa hiyo kila ukisugua unaondoa mafuta na unawavuruga bakteria wazuri kama Staphylococcus epidermidis, ambao baadhi yao wanamdhibiti yule mkorofi Staphylococcus aureus. Wenye pumu ya ngozi (eczema, yaani ngozi kuwasha na kuchubuka mara kwa mara, huenda ndiyo yako) wengi wao huyo aureus anakutwa kibao pale panapowasha.

mdau_wa_maabara: La mji lina ukweli. Finland mwaka 2012 watafiti walipima vijana, wale wenye mimea ya aina nyingi kuzunguka nyumba zao walikuwa na bakteria wa aina nyingi zaidi ngozini kwenye kundi la gamaproteobakteria, na wenye mwelekeo wa aleji walikuwa na aina chache. 2020 wakaweka udongo wa msituni na nyasi kwenye viwanja vya chekechea, siku 28 tu bakteria wa ngozi za watoto wakabadilika na hata kinga ya mwili ikaonyesha dalili nzuri. Kwa hiyo bustani na kushika udongo ni jambo zuri, mimi naliamini kabisa.

Tulizo: Sawa ila asije akapaka udongo kwenye vidonda jamani! Panapolowa pameshachubuka, muone daktari wa ngozi. Halafu pumu ya ngozi inarithiwa pia, tusiulaumu mji peke yake. Kwenu kuna mwenye pumu au aleji?

Mleta uzi: Mama ana pumu, sikuwahi kuunganisha kabisa. Naenda kwa daktari. Na mafuta ya kulainisha ngozi nipake saa ngapi?

mama_wawili: Ukishajifuta tu, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Chagua yasiyo na manukato, na maji ya kuoga yawe vuguvugu.