Naomba ushauri: akaunti ya chuo haifunguki, maabara ya kompyuta siwezi kuitumia

Habari zenu wakuu. Niko mwaka wa kwanza, shahada ya kompyuta, chuo kimoja cha serikali hapa Tanzania. Usajili nimekamilisha na namba ninayo, lakini nikiiingiza kwenye mfumo na nywila ya kuanzia (jina la ukoo kwa herufi kubwa, kama tulivyoelekezwa) najibiwa kuwa mtumiaji hatambuliki. Kompyuta za maabara nazo zinadai akaunti hiyo hiyo. Wenzangu wanaandika programu kwa C (lugha ya kuandikia programu za kompyuta), mimi nachungulia kwa jirani, na laptopu sina.

Kitengo cha TEHAMA wanasema jina langu halijafika kutoka kwa msajili. Kwa msajili wananionyesha lipo, nirudi TEHAMA. Nilichogundua ni kwamba cheti cha kidato cha nne kina majina yangu mawili, fomu ya usajili ina matatu.

Waliowahi kukwama hivi, je, tofauti hiyo ya majina inaweza kuzuia akaunti isitengenezwe? Na mkuu wa idara ana uwezo wa kuniombea akaunti ya muda? Jaribio la vitendo ni wiki ijayo, humo humo maabara. Natanguliza shukrani.