Gari ya spoti Unguja: tairi nne saizi moja, au za nyuma ziwe pana?

Fundi Ringi: Assalaam alaykum. Nasema gari ya spoti ifungwe saizi moja pembe zote nne. Chukueni BMW E90 (saluni ya 3 Series) ya ringi za inchi 18: kiwandani mbele iliwekwa 225/40, yaani upana milimita 225 na kimo cha ubavu asilimia 40 ya upana huo, juu ya ringi ya 8J (upana inchi 8), nyuma 255/35 juu ya 8.5J. Tairi ya nyuma haihamii mbele, basi inaisha pale pale. Saizi ikiwa moja, unazihamisha mbele na nyuma kila kilomita 8,000 na zote zinaisha pamoja. Na 255/35 ikipasuka, ukiikosa mjini unangoja boti ya Dar.

Mtetea Nyuma: Maalim, hapo nakupinga. Kiwanda hakikupanua nyuma kwa urembo. Mpira mpana unashika pale unapokanyaga mafuta kutoka kwenye kona, na mbele nyembamba hufanya pua iteleze kabla ya mkia. Pua ikiteleza, dereva anaachia mafuta na gari inarudi. Mkia ukitoka kwenye lami iliyolowa, wakati wa masika, wengi hawauwezi.

Fundi Ringi: Kweli, mkia utakuwa mwepesi zaidi, na hilo dereva aambiwe kabla hajalipa. Lakini 225 yenye kashata (michoro ya mpira) nzima inakata maji vizuri kuliko 255 iliyobakiwa na milimita 2. Upana unaoelea juu ya maji haushiki kitu. Na hesabu inakubali: 225/40R18 ina kipenyo cha milimita 637, 255/35R18 ina 636, kwa hiyo ABS, mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukipiga breki, haioni tofauti. Ukitumia ringi nne za mbele, 8J ET34 (ET ni milimita kutoka katikati ya upana wa ringi hadi pale inapofungwa), mahali pa ile ya nyuma ya 8.5J ET37, ukingo wa nje unaingia ndani milimita 3 tu, na upande wa ndani unapata nafasi ya milimita 9. Hakuna kinachogusa.

Bi Vipimo: Msiipeleke hesabu ya E90 kwenye kila gari! Nissan 350Z ya ringi 18 ilitoka kiwandani na 225/45 mbele, kipenyo 660, na 245/45 nyuma, 678. Ni tofauti ya asilimia 2.7, na kompyuta yake imepangiwa hivyo. Ukifunga 245/45 nne, taa ya ABS au ya mtelezo inaweza kuwaka, na mbele kipenyo kimeongezeka milimita 18: kata usukani mpaka mwisho, gari ikiwa imebeba watu, uangalie plastiki ya ndani ya madigadi. Toyota 86 na Altezza RS200 za ringi 17 zina 215/45 nne tangu kiwandani, hapo hapana ugomvi.

Jengine, tairi zenye mshale hubadilishwa mbele na nyuma upande ule ule tu. Someni na tarehe ubavuni: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Na kabla ya kufunga ringi, sugueni habu (kitako inapofungwa ringi) kwa brashi ya waya. Chumvi yetu ya baharini huotesha kutu pale, ringi haikai sawa, usukani unatetemeka, mtu analaumu balansi.

Mtetea Nyuma: Ahsante Bi Vipimo. Basi 320i, E90 ya nguvu ndogo, ifungwe 225 nne, nakubali. 335i, E90 yenye nguvu ya farasi 306 na torki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 400, nyuma ibaki 255.