MJADALA: Binti wa sayansi aende chuo kidogo cha wanawake au chuo kikuu cha umma?

Wadau, hamjambo. Naleta jambo lililogawanya ukoo wetu Jumapili iliyopita kule Nakuru. Naomba tulijadili bila kutupiana maneno.

Mtoto wa kaka yangu mkubwa alipata B+ kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. KUCCPS, wale wa serikali wanaogawa nafasi za vyuo, imempa nafasi ya kusomea sayansi ya kompyuta katika chuo kikuu cha umma, kikubwa, chenye maelfu ya wanafunzi. Papo hapo rafiki wa mama yake akawaeleza habari za chuo kidogo cha kibinafsi cha wanawake kule Nairobi, na kozi ni hiyohiyo. Kaka anataka aende huko kwa wanawake, na sababu yake aliitoa kabla chai haijamiminwa: "Huko hakuna wavulana wa kumharibia." Wazee wakaitikia kwa vichwa, ikaonekana neno limekwisha.

Mimi pia nataka aende huko. Lakini nilisimama nikaipinga sababu, na zogo likaanzia hapo. Binti wa miaka 18 hafichiki. Wikendi geti la chuo liko wazi na Nairobi yote iko nje inamngoja. Tena huyu ametoka shule ya bweni ya wasichana watupu, kama wengi wenu mliopitia Lugulu, Butere, Ng'iya au Kisumu Girls. Ikiwa nia ilikuwa kumficha, miaka minne imetosha.

Sababu yangu nitaieleza kwa yaliyonipata.

Nilisomea fizikia na elektroniki katika chuo kikuu cha umma, jina nalihifadhi. Mwaka wa kwanza ukumbi ulijaa hadi watu wakaketi kwenye ngazi. Hilo nililizoea. Kilichoniumiza ni maabara. Meza moja, watu wanane, mita moja ya kupimia umeme, bodi moja ya saketi, na wasichana tulikuwa wawili. Siku ya kwanza kijana mmoja, mtu mwema kabisa, alinisukumia daftari akasema, "Wewe una mwandiko mzuri, andika." Nikaandika. Wiki iliyofuata daftari lilikuwa tayari mbele ya kiti changu. Yeye akashika nyaya, mwenzake koleo, wakawa wananisomea: volti tatu nukta mbili, volti nne nukta moja, nami napanga safu zangu kwa rula. Hivyo ndivyo nilivyokuwa katibu wa meza kwa miaka minne. Ripoti zetu zilisifiwa, nami nikahitimu kwa daraja la pili la juu.

Nikapata kazi kwenye karakana ya mitambo. Asubuhi ya kwanza fundi akanikabidhi chuma cha kuchomea risasi, ile inayoyeyushwa kuunganisha nyaya kwenye bodi. Mkono ulitetemeka, risasi ikadondoka kwenye bodi na kuunganisha pini mbili ambazo hazifai kugusana. Yule mzee hakunidharau. Aliniuliza tu kwa upole, "Kwani dada, huko chuoni mlikuwa mkifanya nini?"

Leo nafundisha fizikia katika shule ya wasichana hapa Kisumu. Kwenye maabara yangu fyuzi ikiungua, msichana ndiye anayeibadilisha, kwa kuwa mwingine hayupo. Wananyang'anyana koleo. Kisha wanaondoka kwenda vyuo vikubwa, na baada ya miaka miwili mmoja ananipitia kunisalimia. Namuuliza, "Kwenye kikundi unafanya kazi gani?" Ananijibu, "Naandika ripoti, mwalimu." Nimelisikia jibu hilo mara nyingi mno.

Ndiyo maana naunga mkono chuo kidogo cha wanawake kwa binti wa sayansi: miaka minne zaidi ya kushika vyombo kwa mikono yake mwenyewe, hadi mazoea yakomae. Mnasemaje?

Mzazi, Kakamega: Mwalimu, uchungu wako nimeuelewa, ila pesa umezipita mbio. Chuo cha umma, kwa utaratibu ulioanza 2023, mtoto anaweza kupata ufadhili wa serikali pamoja na mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, kulingana na hali ya nyumbani. Huko kwa kibinafsi, hata akipata mkopo, pengo la karo ni la baba. Bado hujataja chumba na chakula cha Nairobi. Mimi niliuza ng'ombe wawili kwa muhula mmoja wa kijana wangu, na alikuwa na wadogo zake watatu nyuma yake. Huku kwetu tuna Maseno, Masinde Muliro, Kibabii, Jaramogi Oginga Odinga, vyote vya umma na vyote vya mchanganyiko. Binti wa mkulima akisubiri maabara ya wasichana watupu, atasubiri hadi azeeke.

Dada wa Njoro: Mimi napinga kabisa. Kazini hakuna chumba cha wanawake watupu. Mama Grace Onyango alikuwa meya wa Kisumu mwaka 1965, na 1969 akachaguliwa mbunge, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa Kenya. Alikaa katikati ya wanaume akasema lake. Mimi nimesoma chuo cha umma, na kubishana nilijifunzia huko, mezani, na hao hao wavulana. Ukimtoa binti kwenye ugomvi huo akiwa na miaka 18, ataukuta akiwa na miaka 22, hajui pa kuanzia.

Mleta mada: Asanteni. Nianze na baba wa Kakamega, kwa sababu kwenye pesa umenishinda. Kaka yangu ana kiploti kimoja Lanet. Ikiwa karo itadai kiuzwe, basi mtoto aende chuo cha umma, nami nitakuwa wa kwanza kumfungia sanduku. Kozi haistahili kuwaacha wadogo zake bila kwao. Nakiri pia kwamba vyuo vikubwa vina maktaba na kozi ambazo chuo kidogo hakina, na mtu akitaka kubadilisha kozi ana pa kwenda.

Dada wa Njoro, hapo hatukubaliani. Wewe ulibishana ukashinda, hongera. Mimi na yule mwenzangu wa mezani tulinyamaza, na tuliokuwa kama sisi ni wengi kuliko nyinyi. Mtazame Wangari Maathai. Mwaka 1960 alikwenda Marekani, akasoma Mount St. Scholastica kule Atchison, Kansas, chuo kidogo cha wanawake kilichoendeshwa na masista wa Benedikto. Akamaliza biolojia mwaka 1964. Baada ya hapo ndipo akaingia vyuo vikubwa vya mchanganyiko, Pittsburgh, kisha Nairobi, na mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu. Sidai kwamba chuo kile ndicho kilichomfanya asiogope. Ninachosema ni kwamba miaka ile haikumlemaza. Alirudi akabishana na serikali nzima.

Na hicho chuo cha umma chako pale Njoro, Egerton, kilianza 1939 kama shule ya kilimo ya kufunza vijana wa kizungu. Vyuo vingi vikubwa vilijengwa kwa ajili ya watu wengine, sisi tukaongezewa viti baadaye. Kiti tulipewa. Koleo bado wameshika wao.

Akienda chuo cha umma, nimeshamnunulia mita yake mwenyewe. Nimemwambia siku ya kwanza ya maabara afike mapema, akae upande wa nyaya, na daftari likisukumwa kwake alirudishe palepale, kwa adabu, kabla mkao haujawa desturi.

Jambo moja nalileta kwa aibu. Jumapili ile tulibishana saa tatu nzima bila mtu kumuuliza mwenyewe. Alikuwa jikoni akiosha vikombe. Jana usiku nilimpigia simu nikamuuliza anataka nini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Shangazi, mimi sijaiona hata maabara moja kati ya hizo mbili."

Kwa hiyo wiki ijayo napitia Nakuru kumchukua, tukavione vyote viwili kwa macho. Mliosomea kompyuta, popote pale, niambieni kabla hatujaondoka: mlikuwa wangapi kwa mashine moja, na kibodi alikuwa akiishika nani?