Mrejesho: kuajiri WAVIU kama watafiti, Njombe
Niliuliza iwapo inafaa kuwaajiri watu wanaoishi na VVU wawahoji wenzao walioacha dawa, katika mkoa ambao utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima. Nawashukuru mlionishauri, tumewaajiri. Sharti la cheti cha kidato cha nne tuliliondoa, tukapima uwezo wa kusikiliza na kutunza siri, na mkataba unaeleza kwamba hakuna anayelazimika kumtajia mhojiwa hali yake. Kila mmoja hupangiwa kata asiyoishi. Kilichosumbua zaidi ni malipo: mhasibu alitaka kuwapa posho ya wanaojitolea, ilhali kazi ni ileile ya watafiti wasaidizi wengine (kwa maoni yangu, ni ngumu zaidi). Sasa kiwango ni kimoja, na siku ya kliniki haikatwi kwenye mshahara.