CPAP iliyotumika, mpya, au kifaa cha meno? Ni ya mzee anayekatika pumzi usiku

NyumbaniTororo
Salaam wakubwa. Tunataka kumnunulia mzee wetu mashine ya usiku kabla ya Jumamosi. Anakoroma, pumzi inakatika, kisha anashtuka. Kuna CPAP (mashine inayopuliza hewa kooni kupitia barakoa usiku) iliyotumika kutoka Marekani, muuzaji wa Kampala anataka milioni 1.8. Mpya, ile inayojirekebishia presha ya hewa yenyewe, inapita milioni 4. Daktari wa meno naye anasema anaweza kumtengenezea kifaa cha mdomoni. Tuchukue ipi?

Muuguzi_Mbale
Ndugu, ya muhimu yote umeyaacha. Amepimwa usingizi? Umri, uzito, mzunguko wa shingo? Presha ya damu? Analala chali? Anapumulia mdomo? Umeme upo?

NyumbaniTororo
Miaka 61, kilo 104. Anameza dawa tatu za presha na haishuki. Hajapimwa usingizi. Shingo hatujapima. Umeme unakatika.

Muuguzi_Mbale
Basi shikeni pesa kwanza. Presha isiyoshuka kwa dawa tatu ni dalili nzito. Pimeni shingo kwa futi ya fundi cherehani, chini kidogo ya kikoromeo. Kwa mwanamume, ikipita sentimita 40 ni alama nyingine. Halafu mrekodini kwa simu usiku wa manane, dakika 30, kifua na tumbo vionekane. Pumzi ikisimama sekunde 10 au zaidi huku kifua kinahangaika, koo ndilo limeziba. Kifua kikitulia kabisa, hiyo ni aina nyingine, ubongo hautumi amri, na matibabu yake si yaleyale. Pelekeni video hiyo kwa daktari wa masikio, pua na koo (hospitali ya Mulago, Kampala, wapo) aagize kipimo cha usiku mzima. Mtapewa AHI, yaani mara ngapi kwa saa pumzi inakatika au kupungua: 5 hadi 15 ni kidogo, 15 hadi 30 wastani, kupita 30 kali.
Oksimita ya kidole (kipimo cha oksijeni kwenye damu) ya kushika dakika moja mchana haisaidii. Inatakiwa ile inayorekodi usiku kucha.

Meno_Jinja
Kifaa cha mdomoni msikidharau. Kinavuta taya la chini mbele ili ulimi usiangukie kooni. AHI ikiwa ndogo au ya wastani kinafanya kazi, na hakitaki umeme. Ila mzee awe na meno imara ya kutosha juu na chini, na taya livutwe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, la sivyo viungo vya taya vitauma. Vile vya kuchovya maji ya moto na kung'ata, achaneni navyo.

Fundi_Katwe
Kwa kilo 104 na presha hiyo, mimi nasema mashine. Lakini iliyotumika ina mitego. Ipo moja iliyouzwa hapa mjini ikiwa bado na presha ya hewa aliyowekewa mwenyewe wa kwanza, 14. Mgonjwa akavalishwa vilevile. Hewa ikajaa tumboni, barakoa ikavuja hadi machoni, familia wakazidi kukaza mikanda, na ikikazwa sana mto wa barakoa unajikunja, uvujaji unaongezeka. Kelele zikawasumbua, wakabandika selotepu kwenye vitundu vya mbele ya barakoa. Vile vitundu ndivyo vinavyotoa hewa chafu! Mzee akaamka kila asubuhi na kichwa kinamgonga, mwishowe mashine ikatupwa kabatini na wakasema CPAP haifai.
Sasa, kabla ya kulipa: someni adapta, iandikwe 100-240V. Angalieni saa za matumizi. Angalieni namba ya mashine pia, maana Juni 2021 Philips iliita mashine zake nyingi zirudishwe, sponji ya kuzuia kelele ilikuwa inamomonyoka ndani ya njia ya hewa. Barakoa na mpira wa kupitisha hewa nunueni vipya. Barakoa ivaliwe mtu akiwa amelala, hewa ikiwa inapuliza, ndipo mikanda irekebishwe.

Sola_Masaka
Umeme hamjaujibu. Zima joto la tangi la maji linalolowesha hewa, mashine nyingi zitakula wati 10 hadi 30. Wati 30 kwa saa 8 ni wati-saa 240. Betri ya sola ya 12V 100Ah, ukitumia nusu tu ili isife, yaani wati-saa 600, inabeba usiku miwili.

Kabale_Baridi
Kuzima joto? Huku kwetu koo linakauka na pua inaziba. Na ukiliwasha, maji yanakusanyika kwenye mpira. Upitisheni mpira chini ya blanketi.

Sola_Masaka
Tororo si Kabale.

Mama_Arua
Samahani, mtoto wa miaka 5 anayekoroma naye avalishwe mashine?

Muuguzi_Mbale
Dada, kwa mtoto anzeni na tonsili na nyama za nyuma ya pua. Mara nyingi zikitolewa anapona.
NyumbaniTororo, mzee anatumia waragi au Valium usiku?

NyumbaniTororo
Shingo ni 44. Valium anameza akikosa usingizi. Waragi siku za sherehe.

Muuguzi_Mbale
Vyote vinalegeza koo. Waragi usiku aache. Valium mwambieni daktari leo, msiikate ghafla kama amezoea. Na mpaka apimwe, alale ubavu. Shoneni mpira wa tenisi mgongoni mwa fulana.

NyumbaniTororo
Sawa. Muuzaji anasema kuna mwingine anaitaka, mwisho Jumamosi. Na betri ya gari tuliyonayo haitoshi?

Sola_Masaka
Ya gari ni ya kuwasha injini, ukiishusha kila usiku itakufa.

Fundi_Katwe
Kwa kuanzia inatosha. Ila angalieni mashine inataka volti ngapi, zipo za 24.