Mnunuzi wa Vietnam aliitikia kila sharti, kisha akaomba bei ishuke: nimfuate au nimwandikie?

Mpakiaji wa Mtwara:

Habari zenu ndugu. Nina kampuni ndogo hapa Mtwara inayonunua korosho ghafi kwenye minada ya vyama vya ushirika na kuziuza nje. Katika msimu wangu wa kwanza wa kuuza bila dalali, niliingia mkataba na kiwanda cha kubangua kilichoko Binh Phuoc, kaskazini ya Ho Chi Minh City. Tuliwasiliana kwa Zalo, ambayo Wavietnam wanaitumia kama sisi tunavyoitumia WhatsApp, na meneja niliyezungumza naye hakuwahi kukataa neno: bei, ndiyo, malipo ya awali ya asilimia 20, ndiyo, salio ndani ya siku tano baada ya kupokea nakala za hati, ndiyo.

Makontena manne yaliposhushwa bandari ya Cat Lai mwishoni mwa Januari, bei ya soko ilikuwa imeshuka. Aliniandikia kwa upole mwingi kwamba kipimo cha kule kimeonyesha ratli (paundi) 46 za kiini kwa gunia la kilo 80, badala ya 48 tulizoandikiana, kwa hiyo anaomba nipunguze bei. Nilikasirika. Nilifungua kundi la ujumbe, nikamweka yeye, mkubwa wake na wenzake wote, nikaandika kwamba amevunja ahadi. Tangu hapo kikawa kimya, kisha ikaingia sikukuu yao ya mwaka mpya, Tet, na ofisi ikafungwa. Hatimaye nilipunguza bei nikalipwa, ila hasara ilibaki kwangu.

Sasa msimu wa Oktoba unakaribia na nataka kusafiri kwenda kuonana nao. Naomba kujua: yaliyonipata ni desturi yao ya biashara ambayo sikuielewa, au nilidhulumiwa tu? Na nikifika nianzie wapi?

Binti wa Kilwa:

Pole sana, kaka. Nimeishi Ho Chi Minh City miaka sita nikinunua samani kwa ajili ya maduka ya Dar es Salaam, kwa hiyo nitajibu upande wa watu na lugha. Upande wa hati wapo wanaoujua kuliko mimi.

Neno utakalolisikia kila dakika kwa watu wa kusini mwa Vietnam ni "dạ". Wageni hulichukua kuwa ni "ndiyo", lakini mtu aliyelelewa pwani atalielewa upesi akikumbuka "labeka". Mtoto akiitwa na kuitika labeka hajakubali kutumwa dukani. Ameonyesha tu kwamba amesikia na ana adabu. Nami niliumia kwa jambo hilo mwanzoni. Nilimuuliza mwenye karakana moja kama mzigo utakuwa tayari Ijumaa, akaitikia, na Ijumaa nikakuta mbao bado zinakaushwa. Siku hizi siulizi swali la kujibiwa ndiyo au hapana. Nauliza: "Kazi gani imebaki? Nani anaifanya? Lori litaingia saa ngapi?" Kama jambo haliwezekani, majibu yenyewe yatalionyesha bila yeye kulazimika kukukatalia usoni.

Pili, jifunze kuwaita watu. Lugha yao, kama yetu, haitulii mpaka ijulikane nani mkubwa na nani mdogo: "anh" ni kaka, "chị" ni dada, "em" ni mdogo wako. Ndiyo maana wanakuuliza umri mapema, na si umbea. Jina la ukoo hutangulia, na theluthi moja ya watu au zaidi wanaitwa Nguyễn, kwa hiyo kumwita mtu "Bwana Nguyễn" ni sawa na kutomwita. Tumia "anh" au "chị" pamoja na jina lake la mwisho.

Kuhusu lile kundi la ujumbe, nakuambia kwa nia njema kwamba hapo ndipo ulipofunga mlango. Ulimwaibisha mtu mbele ya mkubwa wake na mbele ya wadogo zake, na wao wanalichukulia suala la heshima ya mtu hadharani kwa uzito kama wazee wetu walivyolichukulia. Ukifika, mwombe mnywe kahawa ninyi wawili, umwambie kwamba yale yalipaswa kuzungumzwa faraghani. Usidai kitu siku hiyo. Na kama hunywi pombe, sema mapema kwamba dini au afya hairuhusu, kisha wanapohesabu "một, hai, ba, dô!" uinue glasi yako ya chai pamoja nao. Sijawahi kuona mtu akichukizwa.

Karani wa Shehena:

Nakubaliana na dada kwa mengi, lakini naomba tusiubebeshe utamaduni mzigo usio wake. Ndugu Mpakiaji, mkataba wako ndio uliomruhusu mnunuzi kuomba punguzo. Vietnam inabangua korosho nyingi kuliko inazovuna, hivyo viwanda hununua ghafi kutoka Afrika na Kambodia, vingi kwa mkopo wa benki na kwa faida ndogo mno kwa kila kilo. Bei ikishuka mzigo ukiwa baharini, mwenye kiwanda anaanza kutafuta njia ya kutolipa bei ya zamani, na wewe mzigo wako ukiwa Cat Lai unaongezewa gharama za bandari kila siku huna nguvu ya kubishana. Asilimia 20 ya awali haimzuii mtu kukimbia ikiwa soko limeshuka kwa kiasi kinachokaribia hapo.

Jambo la kwanza la kurekebisha ni kipimo. Mkataba wako ulisema ratli 48, lakini je, zilizopimwa wapi? Korosho zilizopakiwa na unyevu zaidi ya asilimia 10, ndani ya kontena linalotoa jasho kwa wiki kadhaa baharini, hufika zimeharibika kwa kweli, na hapo mnunuzi hasemi uongo. Andikeni kwamba sampuli itapimwa na mkaguzi huru wakati wa kupakia na tena wakati wa kushusha, mumtaje mkaguzi kwa jina, na mkubaliane mapema kila ratli inayopungua itakatwa dola ngapi. Ombi la punguzo hapo linageuka kuwa hesabu.

Hati asilia za shehena zipitie benki, zisikabidhiwe kabla ya malipo, kwani aliyezishika ndiye anayeweza kuchukua mzigo. Usione haya kulisisitiza hili. Mwaka 2022 wauzaji wa korosho wa Vietnam wenyewe walipoteza udhibiti wa hati asilia za makontena 36 yaliyokuwa yakienda Italia, kwa hiyo wanaijua hofu hiyo.

Hakikisha pia anayesaini ni mwakilishi wa kisheria aliyetajwa kwenye usajili wa kampuni, kwani meneja wa Zalo huenda hana mamlaka hayo. Itambue kampuni kwa namba yake ya mlipakodi wala si kwa anwani: Julai 2025 mikoa ya Vietnam ilipunguzwa kutoka 63 hadi 34, ngazi ya wilaya ikafutwa, na Binh Phuoc yako sasa iko ndani ya Dong Nai. Mwisho, weka kifungu cha usuluhishi. Tanzania na Vietnam zote ni wanachama wa Mkataba wa New York wa 1958 unaohusu kutambua maamuzi ya usuluhishi, hivyo tuzo (yaani uamuzi) ya wasuluhishi ina njia ya kutekelezwa kule, wakati hukumu ya mahakama ya hapa itakusumbua sana.

Fundi Minara:

Naongeza dogo. Nimefanya kazi hapa Dar chini ya wakubwa wa Kivietnam kwa miaka kadhaa. Mdogo hapeleki habari mbaya kwa mkubwa kabla hajapata suluhisho la kwenda nalo, kwa hiyo kimya cha yule meneja huenda kilikuwa cha mtu asiye na la kumwambia bosi wake. Mpe kitu cha kupeleka juu: pendekezo lililoandikwa, lenye tarakimu.

Mpakiaji wa Mtwara:

Nawashukuru nyote. Dada, suala la kundi la ujumbe limeniingia. Sikuliona kwa jicho hilo. Kaka Karani, nimeufungua mkataba sasa hivi, na kweli mahali pa kupima hapakutajwa. Nimepanga kwenda Septemba. Je, ni zawadi gani isiyo na kasoro?

Binti wa Kilwa:

Epuka leso, kwa kuwa inahusishwa na kuagana, na epuka kisu. Uko Mtwara, kaka, nyumbani kwa wachongaji: beba kinyago cha Kimakonde cha ujamaa, kile cha watu waliobebana ukoo mzima, ukikabidhi kwa mikono miwili, kwa mkubwa kwanza. Na panga meli zako ziwahi kufika wiki tatu kabla ya Tet. Watu wengi kule hujitahidi kumaliza madeni kabla ya mwaka mpya, na anayewadai katika siku hizo husikilizwa.

Mpakiaji wa Mtwara:

Nitamwagiza fundi wa hapa mjini wiki hii. Rasimu ya kifungu cha kipimo nitaileta hapa kabla ya kusafiri, Kaka Karani, uniangalizie.